Makabidhiano ya Funguo

Pita huku nyuma ya kioo, Żaneta.
Kiti hiki kina mguu mmoja mfupi, utakizoea.
Funguo ndizo hizi, misumari mia mbili na kumi na sita;
ule wa 509 hukwama,
uzungushe taratibu kama unayembembeleza mtoto.
Birika limelegea mshikio.
Kipasha joto kitanguruma hadi Machi:
Wrocław hii, baridi haibishi hodi.

Daftari ni la wanaoingia baada ya saa sita usiku.
Wao huandika majina. Wewe soma mwandiko.
Wa mapenzi huinama mbele,
wa pombe hutoka nje ya mstari,
na upo mwandiko unaokonda
wiki hadi wiki,
mpaka jina zima linabaki nukta.

Chumba 308 alikaa Dobrawa.
Alinirudishia mwavuli niliomwazima tangu vuli,
akasema asante mara tatu,
nami nikasema, "Usiku mwema."
Hilo tu.
Nilihisi kitu, nikakimeza na chai.
Nilidhani swali ni mbegu,
kwamba ukilitamka neno lile umelipanda.
Si mbegu, Żaneta.
Neno lilikuwa limo tayari, peke yake gizani,
likingoja mtu wa kulifungulia.
Sikufungua.
Mimi, mwenye funguo zote.

Basi Kajetan, yule mrefu wa uhandisi wa maji,
alipoanza kugawa vitu:
baiskeli kwa jirani,
kofia ya sufi kwa fundi bomba,
na usiku wa matokeo ya hisabati
akaniletea dungusi ndani ya kopo la njugu,
"Litunze, bibi. Mimi sitalihitaji,"
sikupindisha maneno.
"Kajetan, unafikiria kujiua?"

Hakulia. Usitazamie machozi.
Alikasirika. Akasema mimi bawabu, si padri.
Nikasema kweli, bawabu, kazi yangu mlango. Keti.
Akasimama muda mrefu,
theluji ikimyeyukia viatuni.
Kisha akakiketia kiti hiki hiki,
akayumba,
akasema, "Ndiyo."

Hekima sikuwa nayo. Nilikuwa na mkate na matango ya siki.
Sikumwambia wapo wenye shida kumshinda,
wala kwamba mtihani ni karatasi tu.
(Kwake haikuwa karatasi tu.)
Nilisikiliza. Nikapiga namba ile, iangalie, chini ya kalenda,
tukaongea nayo sote wawili,
simu katikati yetu kama sahani.
Sikumwacha hata dakika ya kwenda mlangoni;
waliokuwa nje walibisha, wakatukana, wakangoja.
Alfajiri akafika mshauri wa chuo,
koti juu ya nguo za kulalia,
na dada mtu kwa treni ya kwanza kutoka Suwałki.

Usidhani mambo yalinyooka.
Mwaka ule wa masomo aliupoteza.
Alirudi, akaondoka, akarudi.
Zipo siku mwandiko wake hukonda tena,
nami humuuliza tena,
naye hujibu, "Leo nusu."
Nusu naijua. Nusu hukaa, hunywa chai,
na tukimaliza hupanda kwa daktari wake.

Mwezi Mei alikuja kulidai dungusi.
Lilikuwa limeoza:
nililimwagilia kila siku, kwa woga.
Akalitazama kopo, akanitazama,
akacheka mpaka akashika ukuta.
"Tutanunua jingine," akasema.
Umesikia? Februari alisema "sita",
sasa "tuta".
Nililibeba silabi hilo hadi kwenye tramu,
nikapitiliza kituo changu.

Haya, shika.
308 sasa anakaa mpiga tarumbeta asiye na adabu, mkemee.
Na huyo anapangusa viatu nje.
Mpe kalamu.
Tazama anavyoandika.